Mkono Uliofundishwa Kula

Mwaka jana nilialikwa harusi huko Mbumbuni, nikakaa meza moja na jamaa za bwana harusi. Mama mmoja mwenye kofia kubwa alinitazama kwa muda nikila wali na kuku kwa uma na kisu, kisha akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba mtu aliyelelewa vizuri utamjua mezani tu. Nilitabasamu nikaendelea kula. Ni kweli, nakula vizuri. Uma wangu haugongi sahani, viwiko vyangu vinakaa panapotakiwa, na mkono wangu wa kushoto unafanya kazi yake bila kusukumwa. Sikumwambia nilikojifunza, maana ingekuwa kuwaharibia watu harusi yao.

Nilijifunza Kitui mjini, mwaka wa ukame na mahindi ya manjano ya msaada, katika shule ya kibinafsi ya watoto wadogo iliyofundisha Kifaransa na Kiingereza. Ndiyo, Kifaransa, Kitui. Watu wakisikia hucheka, na hata sisi tungecheka kama kucheka kungeruhusiwa. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye mapazia, juu kidogo ya soko la mbuzi. Ukutani kulichorwa mnara mrefu wa chuma ambao tuliambiwa uko Paris, na ambao sisi tulidhani ni wa kuwekea tangi la maji. Asubuhi tulisoma kwa Kiingereza. Kuanzia saa sita mchana tulihamia Kifaransa, na somo la kwanza la Kifaransa lilikuwa chakula.

Mwenye shule tulimwita Madame, tukikaza mwisho wake, si kama walimu wote wa kike nchini wanavyoitwa madam. Alikuwa Mkamba kama sisi, binti wa mkulima wa upande wa Makueni, lakini aliolewa na mtu aliyefanya kazi katika ubalozi fulani kule Zaire. Walipoachana alirudi na gramafoni, sanduku la vyombo, na imani moja tu: kwamba mtu na mshenzi hutenganishwa na meza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye marashi makali, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe hadi leo. Mtu anayekupigia kelele angalau unajua amekasirika.

Wazazi walimpenda. Kiingereza kila mtu alikuwa anakikimbilia, ila Kifaransa kilikuwa cha watu wachache, na mama yangu alipenda sana vitu vya watu wachache. Alikuwa amesikia kanisani kwamba wasichana wanaojua Kifaransa huandikwa kazi kwenye ndege. Baba alikuwa muuza maji. Alikuwa na punda na mapipa, na kila alfajiri alikwenda kuchimba mchanga wa mto uliokauka hadi maji yachuruzike, akajaza kwa kibuyu polepole. Mwaka ule mabomba ya mji yalikuwa yanatoa upepo tu. Basi Baba na Madame wakapatana: yeye alete maji, mimi nisome. Ndivyo binti wa muuza maji alivyovalishwa soksi nyeupe na kofia nyekundu ya sufu iliyolala upande mmoja wa kichwa, katika jua la Kitui, vumbi likinifika magotini. Kofia hiyo iliwasha kama upupu. Mama aliipenda kuliko alivyonipenda mimi.

Kisha shangazi yangu, dada yake Baba, akaja kutoka Tseikuru.

Alipanda lori lililokuwa limepeleka chakula cha msaada huko na linarudi tupu. Mbuzi wake walikuwa wamekwisha. Mumewe alikwenda Mombasa kutafuta kazi na hakusikika tena. Alikuja na binti yake, mtoto aliyenizidi umri kidogo lakini mwembamba kiasi kwamba tulipopimwa mgongo kwa mgongo, Mama alisema nguo zangu za mwaka uliopita zitamtosha. Shangazi alilala kwetu usiku mmoja tu. Hakutaka kuwa mdomo mwingine nyumbani kwa kaka yake. Asubuhi alimwita binti yake nje, karibu na mapipa, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu pale pale.

"Hapa si kwetu," alimwambia. "Ukipewa, pokea. Usipopewa, usiangalie sahani ya mtu. Nawa mikono. Kula na hii mkono." Akautikisa wa kulia. "Hii ingine isiende kwa chakula ya watu. Usiniletee aibu. Mimi sina kitu ingine nimebaki nayo, nimebaki na jina nzuri tu."

Mtoto akaitikia. Shangazi akachukua kiondo chake kitupu akaenda. Hakugeuka, na mimi nilimwona mkali kwa hilo, maana nilikuwa bado sijajua ukali ni nini.

Baba alimwendea Madame akamwomba amchukue na huyu. Ombi lenyewe lilikuwa rahisi kwa sababu mvua ilizidi kukataa, na maji ya Baba yalizidi kuwa matamu. Madame alikubali. Mama naye alifurahi, na nitasema kwa nini bila kumpaka rangi: watoto wanaokula mchana shuleni hawahitaji kula sana jioni nyumbani. Nyumbani kulikuwa na wadogo zangu, na unga wa manjano wa kupangiwa foleni, unaonuka dawa. Kwa hiyo sheria ikawekwa. Sisi wawili wa shule tungepata kikombe cha uji jioni, na ugali ungekuwa wa wale ambao hawakuwa wamekula mchana. Ilikuwa sheria ya haki. Ilihitaji jambo moja tu, kwamba mchana tuwe kweli tumekula.

Sasa nieleze meza ya Madame. Ilikuwa ndefu, yenye kitambaa cheupe, na kila mtoto alikuwa na sahani yake ya kauri, uma wake na kisu chake. Ndani ya sahani kulikuwa na muthokoi. Mpishi alikuwa mama wa kwetu na hakujua kupika kitu kingine cha kushibisha watoto wengi, basi tulipewa mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakachemshwa na maharagwe, chakula cha kila boma Ukambani, ambacho nyumbani hutiwa kiganjani au huchotwa kwa kijiko. Kwa Madame kililiwa kwa uma, mkono wa kushoto. Kisu kilishikwa mkono wa kulia. Cha kukatwa hakikuwepo. Tulikuwa tunasukumia punje kwenye meno ya uma, zinadondoka, tunasukuma tena, na katikati ya meza kulikuwa na kengele ndogo ya shaba. Madame akiigonga, chakula kimekwisha, hata kama sahani imejaa. Mabaki yalimwagwa kwenye ndoo, na ndoo ilikwenda nyuma ya nyumba kwa nguruwe wake. Mwaka ule ambapo ng'ombe walikuwa wanakufa wamesimama, nguruwe wa Madame walishindwa kutembea kwa unene.

Kila mtoto mpya alifungwa mkono wa kulia. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, lilikuwa na utaratibu wake. Madame alikuja na utepe mwekundu, mpana, laini, akaufunga kwenye kifundo cha mkono na kwenye kiti, akatengeneza fundo zuri kabisa la kipepeo. Mkono wa kushoto ukishazoea, utepe unafunguliwa na mkono wa kulia unapewa kisu. "À gauche," alikuwa akisema, yaani upande wa kushoto, akipita nyuma ya viti, kwa sauti ya mtu anayebembeleza. "À gauche, chérie." Wengi wetu tulizoea upesi. Njaa ni mwalimu, na sisi tulikuwa wadogo mno kuwa na msimamo.

Kulikuwa na mtoto wa mwenye duka la vitambaa, Mwislamu, ambaye alikataa siku yake ya kwanza. Kesho yake baba yake alikuja akiwa amevaa kofia yake nyeupe, akasalimia kwa heshima, akamshika mwanawe mkono wa kulia, wakaondoka zao. Hakugombana na mtu. Tulimtazama yule mtoto akipita langoni na tulimwonea wivu mpaka tukashindwa kumeza. Yeye alikuwa na duka la kurudia.

Binti ya shangazi hakuwa na duka. Siku ya kwanza alikaa karibu nami, akafungwa utepe, akawekewa sahani. Aliitazama ile sahani kama mtu anayemtambua jamaa yake kwenye umati. Nilimwona akimeza mate. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umewekewa uma, akauweka uma chini, akatulia. Kengele ikalia. Sahani ikaondolewa ikiwa imejaa, na tukaimba wimbo wa kushukuru kwa Kifaransa.

Siku ya pili vivyo hivyo, na siku iliyofuata. Hakulia, hakubisha. Aliweka uma chini taratibu, kwa adabu kabisa, adabu aliyoachiwa karibu na mapipa. Watoto wengine walianza kumchezea. Waliinua uma zao juu wakimwonyesha punje kabla ya kuzila. Mmoja alimtungia wimbo wa mbuzi wa Tseikuru aliyekataa majani. Madame alisikia, akaacha uimbwe. Alisema kwa Kiingereza kwamba aibu ni dawa nzuri, haina gharama.

Jioni nyumbani mtoto alikunywa uji wake wote, akalamba kikombe, kisha akapitisha kidole ndani akalamba kidole. Mama alimwona. "Huyu mtoto hashibi," alisema. "Amekula mchana kama mfalme, na bado."

Usiku nilimnong'oneza kitandani, "Si ule tu? Mama yako hayuko hapa."

"Nilimwambia ndio," alinijibu.

Nilifanya nilichoweza, na kilikuwa cha kijinga. Mchana mmoja Madame alipogeuka kuweka sahani ya gramafoni, nilimimina nusu ya muthokoi wangu ndani ya kofia yangu nyekundu, nikaikunja, nikaiweka mapajani. Nilitaka kumpa njiani. Lakini sufu hunyonya mchuzi, na mchuzi ukapita ukadondokea soksi. Madame alikuja akasimama nyuma yangu. Niliyasikia marashi kabla ya kumwona. Aliniambia nivae kofia yangu, kwani msichana nadhifu hawi mezani na kofia mkononi. Nikaivaa. Maharagwe yalinishukia masikioni na shingoni, watoto wakacheka hadi wengine wakaanguka kutoka vitini, na yeye akasema hakuna ruhusa ya kuivua mpaka saa ya kwenda nyumbani. Nilikaa hivyo alasiri nzima ya Kifaransa, nzi wakinijia. Niliapa kwamba nikiwa mkubwa nitamchoma moto. Sikumchoma. Nasikia alizeeka vizuri.

Kofia ile ndiyo iliyotoa siri yetu, kwa sababu Mama aliiona. Nilimwambia kila kitu nikilia: uma, utepe, nguruwe, wimbo wa mbuzi. Nilidhani nimefika mahali pa kuokolewa. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akiisugua kofia ndani ya karai, kisha akamwita binti ya shangazi.

"Ni kweli hukulangi shule?"

Mtoto akaitazama kofia ndani ya karai.

"Unajua kwenu saa hii watu wanakula nini? Wanachemsha ngozi. Na wewe unawekewa chakula mbele yako, kwa kitambaa nyeupe, unachagua mkono? Hata wakikwambia ukule na mguu, kula!"

"Mwaitu alisema nisimletee aibu," mtoto alisema. Mwaitu ni mama.

"Mwaitu wako alikuacha kwangu. Ukinifia hapa, aibu ni ya nani?"

Sitaki kumfanya Mama kuwa mtu mbaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa na hofu. Mtoto wa wifi akikufia nyumbani mwako, hakuna atakayeuliza habari za meza ya Kifaransa, watasema ulimnyima. Na shule akifukuzwa, chakula chake cha mchana kinarudi juu ya sufuria yetu. Alipiga hesabu hiyo haraka, pale pale, mikono ikiwa na povu. Kisha akachana ukingo wa leso yake kuukuu, akamfunga yule mtoto mkono wa kulia kwa nyuma, akachukua ugali kidogo uliokuwa wa wadogo zangu, akauweka sahanini mbele yake.

"Kula."

Baba aliingia wakati huo akaona. Akasimama mlangoni na kamba za punda mkononi. Nilimtazama nikimwomba kwa macho, huyu ni damu ya dada yake. "Usimwumize," alisema. Mama akamwuliza kama anataka kwenda kugombana na Madame, na akishagombana maji atamuuzia nani kwa mpango kama ule. Baba akasema ngoja aone punda. Alikaa na wale punda muda mrefu.

Mtoto alikula. Alikula kwa mkono wa kushoto, macho kayafunga, machozi yakipita yakaingia mdomoni pamoja na ugali. Halafu akatapika, na Mama akamwekea tena kile kile. Ilikuwa hivyo kila jioni. Nilizoea kuona leso ile ikining'inia kwenye msumari karibu na jiko, ikingoja. Baadaye hakutapika tena. Baadaye hakulia. Kisha jioni moja Mama alisahau kumfunga, na sote tukaona mkono wa kushoto ukienda wenyewe kwenye sahani, wa kulia ukabaki umelala nyuma ya mgongo kana kwamba leso ipo. Mama alipiga makofi. Alifurahi kweli, alimbeba akamzungusha.

Shuleni mambo yakabadilika. Alikuwa na vidole vya mtu aliyekamua mbuzi tangu alipoweza kuchuchumaa, vidole vya subira, na uma ulipokubalika ulimtii kuliko sote. Punje hazikumdondoka. Alimaliza kabla ya kengele, mgongo umenyooka, midomo imefungwa. Wale waliomtungia wimbo walianza kumwiga anavyoketi. Mashavu yake yalitokea. Alianza hata kucheka, kicheko kikubwa cha mtu wa nyikani, na Madame akamfundisha kukipunguza. Jambo moja lilinitia wasiwasi, ingawa sikulitafutia jina: mkono wa kushoto ulianza kutangulia kila mahali. Kupokea kikombe, kufungua mlango, kushika mkono wa mchungaji kanisani. Mchungaji alisita, kisha akacheka akamsamehe kwa kuwa ni mtoto.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira, ikabeba daraja na mbuzi wachache waliobaki. Nchi ikageuka kijani. Ndipo Madame akatangaza kwamba tutapata mgeni, Mfaransa mwenyewe, kutoka ubalozini Nairobi, atakayekuja kutuona tukila. Tulifanya mazoezi mpaka tukachoka na chakula chenyewe. Madame alimweka binti ya shangazi mkabala na kiti cha mgeni.

Mgeni alikuja, kijana mwenye jasho na shati la mikono mifupi. Tulisema bonjour kwa pamoja. Alikaa, akatabasamu, akaletewa muthokoi. Akatazama sahani, akaona hakuna cha kukata, akakiacha kisu pale kilipokuwa, akachukua uma kwa mkono wa kulia na kuanza kula, akichota kama anayekula kwa kijiko, kiwiko juu ya meza. Meza nzima tuliacha kutafuna. Tulimtazama Madame. Madame alitazama kengele yake. Baadaye, mgeni alipokwisha kwenda, alituambia kwamba yule bwana ana kidonda kwenye mkono wa kushoto na hakutaka kutuonyesha kwa sababu ni mstaarabu.

Lakini kabla hajaondoka mgeni aliuliza jina la msichana aliyekaa mbele yake, na akasema anakula vizuri ajabu. Madame alifurahi kiasi kwamba alikwenda kwenye droo, akatoa utepe mwekundu, ule ule, akaufunga fundo la kipepeo na kumbandika binti ya shangazi kifuani kwa pini. Tulipiga makofi. Alikwenda nyumbani akitembea kifua mbele, akinisihi nisimkaribie sana nisije nikaukunja.

Na nyumbani tulimkuta shangazi.

Alikuwa amefika mchana kwa miguu na kwa lori. Kiondo kilikuwa kimejaa ndengu mpya, za kwanza tangu mvua, alizovuna akazipukuchua akatuletea sisi kwanza, watu waliomtunzia mtoto. Alimwona binti yake ana mashavu, akaketi chini pale pale uani akalia. Alimshukuru Mama kwa Kikamba, kwa maneno marefu, akimshika mikono, na Mama akasema si kitu, mtoto ni wa wote. Nilimtazama Mama usoni. Hakunitazama.

Ndengu zilipikwa jioni hiyo na vitunguu, ugali ukasongwa, na kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha hakuna aliyepakuliwa peke yake. Sinia moja ikawekwa katikati ya mkeka, tukanawa, tukaizunguka. Shangazi aliombea chakula. Alipofumbua macho akauona utepe.

"Na hii ni ya nini?"

"Nimepewa zawadi," binti yake alisema.

"Ya kusoma?"

"Ya kula."

Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza. "Shule inapeana zawadi ya kula! Haya, kula tuone."

Binti yake alikaa wima. Alinyoosha mgongo, akaufumba mdomo, akapenyeza mkono wa kulia nyuma yake, na kwa upole wote aliofundishwa, akautia mkono wa kushoto kwenye sinia ya watu wote, kabla ya kila mtu, akitabasamu kwa mama yake.

Mikono yote ikarudi nyuma. Shangazi alimpiga kofi kwenye ule mkono, la pili usoni, na ugali ukaruka ukaangukia mkeka. "Mimi nilikuacha na adabu!" alipiga kelele. "Nilikuacha na nini mimi? Si nilikwambia? Mbele ya watu wamekulisha!" Akamgeukia Mama, uso umemshuka kwa aibu. "Unisamehe, wifi. Sikumlea hivi."

Nilingoja. Mtoto naye alingoja. Alikuwa anamtazama Mama, si mama yake. Leso ilikuwa ikining'inia kwenye msumari, nyuma ya kichwa cha Mama, mbele ya macho ya sisi sote tuliojua. Baba alikuwa anaitazama taa.

"Ni hiyo shule," Mama alisema. "Shule za siku hizi zinaharibu watoto. Mimi nimesema mpaka nimechoka."

Akageuza sinia, upande ulioguswa ukamwelekea mtoto, akamega ugali upande mwingine, na wengine wakafuata. Shangazi alimwambia binti yake anawe tena, ale kama mtu. Akanawa. Akarudi akaketi mahali pake. Aliutoa mkono wa kulia, akautazama, akaurudisha. Akautazama wa kushoto. Kisha akaiweka yote miwili chini ya mapaja, akaikalia, utepe ukiwa bado kifuani, na akabaki hivyo akitutazama tukila mpaka ndengu za mama yake zikaisha.